UZI: Sanamu ndogo ya reli kwa mtaa wa Nairobi: Garratt juu ya kipande cha reli halisi (vipimo, kusubu, msingi, wizi)

#1 Mlango_wa_Stesheni

Wakuu, salaam.

Naleta mchoro mezani mnisaidie kuukosoa kabla hata shilingi haijatoka. Ni sanamu ndogo ya kuweka kando ya njia ya watembea kwa miguu, upande wa mji unaoelekea stesheni ya zamani ya Nairobi. Mji huu umezaliwa na reli. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu, enzi hizo pakiitwa Port Florence. Lakini ukitembea katikati ya mji, sanamu unazokutana nazo ni za watu na zimewekwa juu: Kimathi, Mboya, wale askari watatu wa Kenyatta Avenue. Nataka hii iwe ya kuinamia, mtoto aiguse, asiyeona aisome kwa vidole.

Mchoro ni huu. Kipande cha reli halisi, mita 1.2, kimelala juu ya kiguzo cha zege. Juu ya kichwa cha reli hiyo inatambaa injini ndogo ya mvuke aina ya Garratt, daraja (yaani toleo) la 59, kwa skeli ya 1:30. Hesabu yake ndiyo iliyonivutia: geji (nafasi kati ya reli mbili) ya mita 1 ikigawanywa kwa 30 ni milimita 33, na kichwa cha reli ya ratili 50 kwa yadi kina upana wa milimita 52 hivi. Yaani njia nzima ya treni ile ndogo, reli zote mbili, inakaa juu ya kichwa cha reli moja ya kweli.

Nauliza: (1) vipimo viko sawa? (2) chuma au bronzi? (3) naishikiza vipi isiibwe? (4) msingi uweje kwenye udongo wetu mweusi?

#2 GejiYaMita

Mkuu, wazo limekaa vizuri, ila reli ya ratili 50 na daraja la 59 havikukutana kamwe.

Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ndiyo ya ratili 50 kwa yadi, sawa na kilo 24.8 kwa mita. Daraja la 59 lilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, mashine 34, kila moja karibu tani 252 ikiwa imejaa maji na mafuta, ekseli za kuvuta zikikandamiza reli kwa tani 21 kila moja. Uzito huo ulihitaji reli ya ratili 95, yaani kilo 47 kwa mita. Mtu wa reli akiiona 59 juu ya ratili 50 atajua kosa akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Tumia ratili 95. Kichwa chake kikiwa kipya kina karibu mm 70, kimo chake karibu mm 148. Zile reli zako ndogo zikiwa pau za mraba za mm 4, upana wote kutoka nje hadi nje ni mm 41, kwa hiyo unabakiwa na mm 14 kila upande. Kumbuka reli iliyotumika kichwa chake kimelika upande mmoja, hasa ikitoka kwenye kona. Ipime kwa kalipa sehemu tatu, weka upande uliolika nyuma.

Sasa injini. Makosa haya ndiyo hujirudia kwenye sanamu na vinyago vya Garratt:

Kwanza, watu huijenga kama gari moja refu. Garratt ni vipande vitatu: kitengo cha mbele chenye tangi la maji, boila katikati pamoja na kibanda cha dereva, na kitengo cha nyuma chenye mafuta na maji. Boila limening'inia kati ya egemeo mbili, ndiyo maana mashine ndefu hivyo iliweza kukunja kona za kupanda kutoka pwani. Kama huachi mwanya unaoonekana kati ya vipande, hata mm 3, umechonga kitu kingine.

Pili, magurudumu. Mpangilio ni 4-8-2+2-8-4. Ukisimama ubavuni unahesabu mawili madogo, manne makubwa, moja dogo. Halafu moja dogo, manne makubwa, mawili madogo. Jumla 14 kila upande, 28 yote. Gurudumu la kuvuta lina kipenyo cha mm 1,372, kwa 1:30 ni mm 46.

Tatu, boila. Kipenyo chake kilikuwa futi 7 na inchi 6, mm 2,286, zaidi ya mara mbili ya geji. Unene huo ndio sura ya mashine. Kwa skeli yako ni mm 76, na bomba la maji la inchi 2½ lina kipenyo cha nje cha mm 76.1. Hata kama utasubu (utamimina kwenye kalibu) kwa bronzi, tumia bomba hilo kama kiini cha kiolezo, huhitaji kukereza chochote.

Nne, dohani. Wengi huweka bomba la duara kama la kwenye vitabu vya watoto. Mashine hizi zilifungwa ejekta za Giesl (kifaa cha kuvutia moshi nje), dohani yake ni bapa na ndefu, kama kisanduku chembamba kilichosimamishwa kwa ukingo. Ukikosea hapo umekosea uso.

Tano, usiweke makaa nyuma. Zilichoma mafuta mazito.

Urefu wote ni zaidi kidogo ya mita 31.7, kwa hiyo kwako ni mita 1.06, kimo karibu mm 137, upana karibu mm 100. Injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai, imesimama Makumbusho ya Reli pale Nairobi. Omba ruhusa, nenda na futi na mtu wa kushika upande wa pili, usitegemee picha za mtandaoni. Kamera ikiwa karibu hurefusha kilicho mbele.

#3 Mlango_wa_Stesheni

Asante sana mkuu, ratili 95 imepita. Kipande cha mita 1.2 kinapatikana wapi? Kuna mtu ameniambia nitazame kwenye yadi za vyuma chakavu.

#4 Taruma_la_Chuma

Usiguse reli ya yadi bila karatasi. Chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 biashara hiyo inahitaji leseni na kumbukumbu za nani kauza nini, na Januari 2022 serikali iliwahi kuisimamisha kabisa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya miundombinu. Reli ni mali ya umma. Sanamu ya kuienzi reli iliyojengwa kwa reli iliyong'olewa usiku ni aibu, na pia ni kielelezo cha mahakamani kilichowekwa barabarani.

Njia safi: andika barua kwa Shirika la Reli la Kenya, eleza matumizi, urefu na uzito (mita 1.25 × kilo 47 = kilo 59), omba kipande kutoka kwenye vyuma vilivyoondolewa njiani. Kwenye barua hiyo hiyo omba na ruhusa ya nembo au jina lao kama utaliandika. Ukipewa, dai hati inayotaja kipande hicho, tunza nakala kwa kaunti na kwa fundi. Reli nyingi zina maandishi yaliyonyanyuka ubavuni yakionyesha kiwanda, uzito na mwaka. Ukipata kipande chenye maandishi hayo, kata ukihakikisha yanabaki upande wa watembea kwa miguu. Hakuna bango litakaloshinda hayo.

Omba mita 1.25 na si 1.2 kwa sababu vipande vingi vimekatwa kwa gesi. Mwisho uliokatwa kwa gesi umekuwa mgumu na una nyufa ndogo. Toa mm 25 kila upande kwa msumeno au diski ya kukatia reli.

#5 Mchomeleaji_Kiwandani

Naongezea hapo kwenye chuma chenyewe, maana ndipo mafundi wengi wa mtaani huharibu.

Chuma cha reli kina kaboni nyingi kuliko pau na mabati ya kawaida. Ukikichomelea baridi kwa fimbo za kawaida za 6013 kama unavyochomelea geti, weld itaonekana safi kabisa. Kisha jioni, au kesho yake asubuhi, unasikia "ting", na ufa umepita pembeni mwa weld, ndani ya chuma cha reli chenyewe. Sababu ni mbili: reli ya baridi hunyonya joto haraka, chuma kilicho jirani na weld kinakuwa kigumu kama kioo, na haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa fimbo inanaswa humo na kupasua. Kuujaza ufa ule kwa weld nyingine ni kuuficha tu.

Kwa hiyo shauri langu: usichomelee chochote kwenye reli. Boliti tupu. Njia ya kweli nayo inaungwa kwa boliti na mabamba, kwa hiyo hata macho yanakubali.

Kama hakuna namna nyingine, basi: saga kutu na magamba hadi chuma king'ae mm 30 kuzunguka eneo, pasha moto reli nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi kwa moto mpana, si mdomo mmoja wa gesi, na upime kwa chaki ya joto, fimbo za 7018 (za haidrojeni kidogo) zilizokaushwa kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, zikitolewa moja moja, ukimaliza zika kipande kwenye mchanga mkavu au majivu ya moto kilale humo usiku mzima. Ukimwagia maji umeshapoteza.

Kutoboa: juu ya kichwa pamepigwa na magurudumu miaka mingi, pamekuwa pagumu. Drili ya kawaida inateleza, inapiga mluzi, inaungua ncha. Saga mm 1 hadi 2 mahali pa tundu kwanza, weka alama kwa senta-panchi, tumia drili ya kobalti ya mm 6.8, mzunguko wa polepole, mafuta ya kukatia yasikauke, sukuma kwa nguvu isiyobadilika. Ukilegeza mkono drili inasugua badala ya kukata, na inakugandishia tundu. Kina mm 25, kisha kata hesi ya M8 (ya boliti ya mm 8) kwa tepu tatu, ukirudi nyuma nusu mzunguko kila unaposonga mzunguko mmoja.

#6 MsubuShaba

Chuma au bronzi: kama watu watagusa, bronzi. Chuma kilichopakwa rangi kikiguswa kila siku, rangi inaisha kwenye kingo kwanza: ukingo wa dohani, paa la kibanda, kona za tangi. Hapo ndipo rangi huwa nyembamba tangu siku ya kwanza kwa sababu rangi mbichi hukimbia ncha kali. Kutu ikishaingia inatambaa chini ya rangi yote. Bronzi ikiguswa inang'aa tu, na mng'ao huo unaonyesha vidole vya watu vilipopita. Ni uzuri ambao huwezi kuununua.

Kwa ukubwa huu isubiwe kwa njia ya nta (kiolezo cha nta kinafunikwa plasta, nta inayeyushwa itoke, bronzi inachukua nafasi yake), vipande vitatu kama Garratt yenyewe ilivyo. Vipande vifupi hujaa vizuri, na kosa likitokea unarudia kimoja badala ya vyote.

Hesabu ya bronzi. Ganda la nta liwe na unene wa mm 5. Chini ya mm 4 bronzi inaganda kabla haijafika mwisho, unapata matundu kwenye mabati ya tangi. Juu ya mm 7 sehemu nene zinapoa mwisho na kunywea, juu panakuwa na kishimo. Vipande vyote vitatu pamoja na magurudumu ni kama kilo 28 hadi 30 za bronzi. Kanuni ya karakana: pima nta yote, pamoja na njia za kumiminia na za hewa, zidisha kwa 10. Nta ya kilo 3.5 inataka bronzi kilo 35. Yeyusha 40, ziada isiyotumika hurudi kwenye ingoti.

Bronzi ikipoa hunywea kwa karibu asilimia 1.5 hadi 2. Kiolezo cha mm 1,060 kifanye 1,080. Ukisahau, geji ya mm 33 haitabadilika sana machoni lakini matundu ya boliti yatakukataa kwa mm 20 kutoka mwisho hadi mwisho.

Chakavu: usitupie kila kitu cha njano kwenye chungu cha kuyeyushia. Bomba za maji, mabomba ya redieta na vali za gesi zina zinki na risasi kwa viwango tofauti. Zinki inatoka kama moshi mweupe unaoleta homa kwa fundi, na risasi kwenye kitu cha kuguswa na watoto haifai. Bronzi ya silikoni ya ingoti, yenye shaba asilimia 95 hivi na silikoni 4, inamiminika vizuri, inachomeleka kwa TIG, na haina risasi.

Mahali pa ajali ni plasta. Kalibu ya plasta na unga wa matofali ichomwe polepole: nta itoke kwanza, kisha upandishe hadi nyuzi 600 na kuishikilia humo saa nyingi mpaka hata katikati pakauke. Shika kipande cha kioo baridi juu ya mdomo wa kalibu. Kikifanya ukungu, bado kuna maji. Bronzi ya nyuzi 1,100 ikikutana na maji ndani ya kalibu, mvuke unairudisha yote juu usoni.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulipuuza: misumari inayoshikilia kiini cha ndani. Ikiwa ni ya chuma na ukaisahau humo, mvua mbili tatu zikipita utaona machozi ya kutu yanatoka katikati ya tangi la bronzi. Ng'oa yote, toboa, ziba kwa kijiti cha bronzi ile ile.

#7 Mchomeleaji_Kiwandani

Sikubaliani na bronzi, kwa sababu ya wizi. Kilo 30 za bronzi mtu mmoja anazibeba begani, na kila mnunuzi wa chakavu anajua bei yake.

#8 MsubuShaba

Kweli, ndiyo maana boliti zitoke chini. Injini ikikaa juu ya reli huwezi kutumia hesi za kichwa kutoka juu, utaona vichwa vya boliti. Badala yake, vijiti vya chuma cha pua vya M8 vinachomekwa kwenye vifundo vilivyosubiwa ndani ya bronzi, vinaingia kwenye hesi za reli kwa gundi ya kufungia nati. Tatizo linakuwa mpangilio wa kukaza, kwa hiyo toboa kichwa chote kiwima, pitisha kijiti hadi chini ya kichwa pembeni mwa shingo ya reli (ile sehemu nyembamba iliyosimama chini ya kichwa), na kaza nati kutokea huko.

#9 Mchomeleaji_Kiwandani

Kiwima pale katikati utakutana na shingo. Shingo ya reli hiyo ni nyembamba lakini imesimama katikati kabisa, na reli zako mbili ndogo nazo ziko hapo hapo. Toboa pembeni, nje ya reli zako ndogo, upande kwa upande kwa zamu, utatokea chini ya shavu la kichwa. Chini pale pana mteremko, kwa hiyo washa iwe ya kabari. Washa bapa itagusa ukingo mmoja tu, na kijiti kitapinda ukikaza. Nati tano zitatosha. Mwizi hataziona mpaka alale chini, na reli ikiwa imebanwa kwenye zege ufunguo wa kawaida hauna nafasi ya kuzunguka. Mkifanya hivyo, bronzi na reli vinakuwa kitu kimoja cha kilo 85 na zaidi. Hapo nakubali bronzi.

#10 GejiYaMita

Msisahau bronzi na chuma vikigusana kwenye mvua, chuma ndicho kinacholiwa. Laza karatasi ya nailoni ya mm 2 kati ya injini na reli, na kila kijiti kivalishwe kifuko cha nailoni kinapopita kwenye tundu. Tundu liwe mm 11 kwa kijiti cha M8.

Na upanuzi: bronzi hupanuka zaidi ya chuma. Kwa mita 1.06, jua la mchana dhidi ya alfajiri ya Julai, tofauti kati ya viwili haizidi mm 0.3. Ni ndogo, lakini ikizuiwa itatafuta pa kutokea. Tundu la katikati liwe duara, manne ya pembeni yawe marefu kwa mm 2.

#11 Zege_na_Nondo

Msingi. Maeneo ya chini ya mji yana udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka ukikauka. Kiguzo kilichowekwa juu yake kinainama ndani ya misimu miwili, na reli ikiinama mm 5 tu jicho linaona, kwa sababu reli ni mstari ulionyooka.

Chimba hadi uondoe ule weusi wote au ufikie maramu ngumu. Kama hauishi haraka, shuka angalau sentimita 90, jaza maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya nyingine. Kabla ya sululu ya kwanza, kaunti na wenye nyaya na mabomba waje waonyeshe vilivyopita chini. Kwenye njia za miguu mjini, sentimita 40 chini unaweza kukuta waya wa umeme.

Bamba la chini: mita 1.5 × 0.8 × 0.3. Kiguzo: mita 1.3 × 0.4, kimo 0.7. Jumla ni mita za ujazo 0.72. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni saruji mifuko 5 ya kilo 50, mchanga ujazo wa 0.35, kokoto za mm 20 ujazo wa 0.7, ukihesabu na kinachomwagika. Maji yasizidi lita 27 kwa mfuko. Fundi akiongeza ili zege "itembee", uso wa kiguzo utamomonyoka unga. Nondo za mm 12 kila sentimita 15 pande zote mbili, zikiwa na zege ya mm 50 inayozifunika. Vijiti vya nondo vinyanyuke kutoka bamba kuingia kwenye kiguzo, vinginevyo una matofali mawili yaliyopangwa tu. Mwagia maji siku 7, funika kwa magunia. Boliti zisikazwe kabla ya siku 28.

Kimo cha 0.7 nimekichagua makusudi: 0.7 + reli 0.15 + injini 0.14 ni chini ya mita 1. Mtoto wa miaka 6 anaona juu ya boila, na aliye kwenye kiti cha magurudumu anafika bila kujinyoosha. Acha mita 1.5 wazi mbele.

Uso wa juu usiwe bapa. Mpe mteremko wa 1 kwa 50 kuelekea nyuma na mfereji mdogo wa mm 10 chini ya ukingo, maji ya kutu yadondoke nyuma, yasichore mistari ya kahawia mbele ya kiguzo.

Reli ishikwe kwa vibano vya kitako (sehemu pana ya chini ya reli), jozi tatu, boliti 6 za M16 za chuma cha pua daraja la 316, zikiingia mm 200 ndani ya zege kwa gundi ya epoksi. Tundu mm 18. Puliza, sugua kwa brashi, puliza tena, mara mbili. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi na si zege, boliti inatoka kama kizibo.

Kwa kuvisha kiguzo, jiwe laini la Ndarugo linakunywa maji na kingo zake zinavunjika. Mawe bapa ya Mazeras yangekaa vizuri, na Mazeras yenyewe ni stesheni ya reli hii hii, kabla hujafika Mombasa.

#12 Mnyamwezi_wa_Tabora

Wakuu, uzi huu tunauchukua na sisi huku. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Geji ni ile ile ya mita 1, kwa hiyo hesabu ya mm 33 inatufaa. Na huyo Gelai ni mlima wa kwetu, karibu na Ziwa Natron.

#13 GejiYaMita

Karibu ndugu. Ila wenzetu wa Mbeya wakiiga wasichukue mm 33. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni mm 1,067, kwa 1:30 ni mm 35.6, mataruma yake (vipande vinavyolala chini ya reli) ni ya zege, na haikuwahi kuwa reli ya mvuke. Ilianza na dizeli. Sanamu ya TAZARA yenye dohani itakuwa uongo uliosubiwa.

Na kwenu Tabora na kwa Nairobi pia: mataruma ya awali mengi yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa hula mbao. Mkiweka mataruma madogo chini ya njia ile ya mm 33, yasichorwe nyuzi za mbao.

#14 Kalamu_ya_Mtaa

Maandishi. Sentensi tatu, zisizidi. Napendekeza:

"Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India kuijenga, na 2,493 kati yao walifariki. Mji huu ulikua kandokando yake."

Angalieni sentensi ya pili. Takwimu hizo ni za walioletwa kutoka India peke yao. Waafrika nao walibeba, walichimba na walifyeka. Mkiandika "watu 2,493 walikufa wakijenga reli" mmewafuta. Ama neno "kutoka India" libaki, ama mwongeze "pamoja na Waafrika wengi". Mimi nataka vyote viwili.

Herufi kimo mm 12, zilizonyanyuka mm 1.5, zisubiwe pamoja na bamba, zisibandikwe. Nukta nundu ziwe na kimo cha nusu milimita na zaidi kidogo, umbali wa mm 2.5 kati ya nukta na nukta ndani ya herufi moja. Mtu asiyeona azisome kabla bamba halijasubiwa, kwa kutumia kiolezo. Makosa ya nundu hayaonekani kwa anayeona. Bamba liinamishwe nyuzi 30, mkono upumzike.

Na ile sura ya reli iliyokatwa: isagwe laini, msasa hadi namba 400, kingo ziviringwe mm 2. Umbo la reli likikatwa ndilo jambo ambalo msafiri hajawahi kuliona, kichwa kinene, shingo nyembamba, kitako kipana. Vidole vitalielewa mara moja.

#15 Taruma_la_Chuma

Matunzo yaandikwe kwenye makubaliano na kaunti, na jina la ofisi, si "itatunzwa". Mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Osha kwa maji na sabuni isiyo na magadi makali, acha ikauke, pasha bronzi mpaka mkono ushindwe kuishika, paka nta nyembamba kwa brashi, ikipoa sugua kwa kitambaa. Ubavu wa reli: primeri ya epoksi yenye zinki mikroni 75, epoksi ya kati 125, poliuretani ya juu 50. Isipakwe asubuhi chuma kikiwa na umande. Joto la chuma liwe nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, la sivyo rangi inanyanyuka kama ngozi. Ncha mbili zilizokatwa hazipakwi rangi, zinapakwa nta kila miezi mitatu. Zitashika kutu nyepesi, futa kwa pamba ya chuma.

Matundu ya kutolea maji ya mm 8 chini ya kila tangi la bronzi yachunguzwe kwa waya. Mavumbi na nyigu huyaziba.

#16 Mlango_wa_Stesheni

Wakuu, nimerekebisha mchoro: ratili 95, bronzi vipande vitatu, nati tano chini ya kichwa, vibano jozi tatu, sentensi ya pili kama alivyoisema Kalamu. Kilichobaki ni kipenyo cha yale magurudumu madogo ya mbele na ya kati. Yamejificha nyuma ya fremu, futi haiingii juu.

#17 GejiYaMita

Usipime juu, utagonga breki na fremu. Pima kutoka katikati ya ekseli kushuka hadi uso wa reli, zidisha kwa 2. Chukua magurudumu mawili ya upande mmoja na mawili ya upande wa pili, kwa sababu matairi ya chuma hulika na hukerezwa tena, hayalingani. Kisha tumia kubwa kuliko yote: hilo ndilo liko karibu zaidi na lilivyotoka Manchester.